Kabla hujawaomba wanahisa pesa

Mdogo wangu, umeingia idara ya fedha ya kampuni ndogo iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wiki ya kwanza tu bosi anasema, “Tunataka mtaji.” Usikimbilie waraka wa matarajio, yaani ule unaowaeleza wanunuzi habari za kampuni na hisa inazouza. Piga hesabu hii kwanza.

Tuseme kampuni ina hisa 1,000,000. Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anazo 100,000, yaani asilimia 10. Mkitoa hisa mpya 500,000 na yeye asinunue hata moja, anabaki na asilimia 6.7. Hajauza kitu, lakini fungu lake limepungua. Ndiyo maana kampuni nyingi huwapa wanahisa wa zamani nafasi ya kwanza: mwenye hisa mbili anunue moja mpya, mara nyingi chini kidogo ya bei ya soko. Mzee akichukua 50,000 zake, asilimia 10 iko palepale.

Bei ya soko nayo isikudanganye. Hisa za kampuni ndogo zinaweza kukaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza. Ile bei unayoiona ni ya mauzo ya mwisho.

Mimi niliumbuka kwenye kipengele cha matumizi ya pesa. Rasimu yangu ya waraka ilisema “kuimarisha shughuli za kampuni”. Kwenye kikao hapa Tanga, mama mmoja mstaafu wa shamba la mkonge akanyoosha mkono: “Mwanangu, hizo shughuli ni mashine au mishahara?” Nikabaki nakunja karatasi. Tuliandika upya: mashine kiasi gani, na proforma yake (ankara ya bei kabla ya kununua), deni la benki kiasi gani, kisha gharama za dalali, mwanasheria, mkaguzi na matangazo. Hizi za mwisho husahaulika, na utazilipa hata hisa zisipokwisha.

Hisa si njia pekee. Mwaka 2024 Tanga Uwasa, mamlaka ya maji ya hapa Tanga, waliuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Hatifungani haigusi umiliki wa mtu, ila riba haijui mwezi mbaya. Mamlaka ya maji ina bili kila mwezi. Nyie mna nini?

Na kabla Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana haijaidhinisha waraka wenu, msiuze hata hisa moja. Shemeji akikurushia pesa kwenye simu “umshikie nafasi”, mrudishie siku hiyohiyo.