Bisi za karameli zisizolainika kesho yake

Bisi za karameli zikinata menoni au zikilainika kesho yake, usiilaumu sukari. Mkosaji ni maji: yaliyobaki kwenye shira, au yaliyoingia kutoka hewani.

Anza na gramu 100 za mahindi ya bisi na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, kwenye sufuria yenye kitako kizito. Tia punje tatu kwanza. Zikipasuka, mimina zilizobaki, funika, ila acha upenyo mvuke utoke. Ukibana mfuniko, bisi zinanyonya mvuke wake wenyewe. Utapata vikombe 12 hivi. Punje zilizogoma kupasuka ziondoe zote sasa. Zikishafunikwa na karameli, jino ndilo litakalozigundua.

Shira inataka sukari gramu 200, siagi gramu 110, asali vijiko vinne vikubwa, maji vijiko viwili na chumvi nusu kijiko cha chai. Asali haiko hapo kwa ladha tu: glukosi na fruktosi zake zinaizuia sukari isigande tena kuwa chenga. Mpika kashata anazitaka chenga hizo, sisi hatuzitaki. Koroga kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke yote, kisha ongeza moto. Ikianza kuchemka, weka mwiko kando, zungusha sufuria tu. Sukari iliyoganda ukingoni ipanguse kwa brashi yenye maji, maana ikidondoka ndani shira yote inaweza kugeuka mchanga. Siagi ikijitenga na kuelea, moto umezidi: upunguze, ongeza kijiko cha maji ya moto, na hapo tu ndipo mwiko unaruhusiwa kurudi.

Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye bilauri ya maji baridi. Likifinyangika, bado lina maji. Likivunjika kwa mlio, umefika nyuzi 150 hivi. Mwenye oveni anaweza kuepua kwenye 125, kwa sababu bisi zikishachanganywa na shira, oveni ya nyuzi 120 itamaliza kuzikausha kwa dakika 45, ukigeuza kila dakika 15. Anayepika kwa mkaa au gesi hana nafasi hiyo ya pili. Afike 150, na asiondoke jikoni, kwani kutoka hapo hadi kuungua ni muda mfupi. Ikishaungua, imwage.

Ukiepua, tia nusu kijiko cha chai cha magadi soda ya kuokea, iliyochekechwa. Madonge yake ni machungu. Povu litapanda sana, kwa hiyo sufuria iwe kubwa. Vitundu vya gesi ndivyo vinavyofanya karameli ivunjike kirahisi badala ya kuwa ngumu kama kioo. Mimina upesi kwenye bisi, katika beseni la bati lililopakwa siagi, kamwe si la plastiki. Watoto wakae mbali: shira hii ikigusa ngozi haibanduki.

Ukitaka madonge ya mviringo, acha soda, epua kwenye 125, changanya, subiri dakika mbili, kisha finyanga kwa mikono yenye siagi bila kukandamiza.

Zikipoa tu, zitie kwenye kopo la kubana. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam haihitaji usiku mzima kuzilainisha. Zikilainika, zirudishe oveni, nyuzi 120, dakika 10. Zitatoka bado laini. Ziache zipoe ndipo uzionje.