Kufufua tawi la udugu lililofungwa chuoni

Umeuliza muanzie wapi, ninyi wanane mnaotaka kurudisha tawi la chama cha udugu (fraternity, chama cha wanafunzi wa kiume chenye jina la herufi za Kigiriki) lililofungwa chuoni kwenu huko Marekani. Msianze na fulana za herufi za Kigiriki. Hati ya tawi hutoka makao makuu ya kitaifa, ruhusa ya kuwepo hutoka chuoni. Mkikosa moja, hamna tawi. Ombeni barua ya kufungiwa, msome sababu na tarehe ya adhabu kuisha. Mara nyingi husubiriwa hadi wanachama wa zamani wahitimu, miaka minne hivi, na ni sawa kabisa, kwani mazoea ya kuwatesa wanachama wapya hurithishwa. Matawi mengi hufa tena hapohapo: kundi la zamani lililokuwa likikutana kichinichini huingizwa kimyakimya. Msilipokee, hata likija na pesa.

Mtaanza kama kundi la majaribio, kabla ya kupewa hati ya tawi. Tafuteni wahitimu wanne au watano wawe washauri, mmoja ashike hesabu tu. Ada ijumlishe bima, ambayo ni nzito. Nyumba ya wanachama kuishi pamoja isubiri. Na kumbukeni sheria ya Marekani ya Desemba 2024: mateso hayo ya wanachama wapya yakithibitishwa, chuo hulazimika kulitangaza jina la tawi hadharani.