Raketi ilivyoniharibia mkono, na nyingine ilivyonitengeneza

Miaka mitatu ya mwanzo nilicheza tenisi ya meza kwa raketi ambayo raba yake, ile ngozi inayobandikwa usoni mwa ubao, ilikuwa imekufa, na sikujua kuwa imekufa. Ilikuwa raketi ya ukumbini kwetu hapa Mombasa, imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Ukipitisha kidole juu ya raba kinateleza kama juu ya sahani iliyooshwa. Mimi nikadhani raba ndivyo zilivyo.

Raba ya namna hiyo haishiki mpira. Mpinzani akiukata ukaja na mzunguko wa nyuma, huoni taabu: unagusa, unarudi. Basi sikujifunza kusoma servisi, maana kwangu servisi zote zilikuwa moja. Na kila nilipotaka kuupandisha mpira, niliufunua uso wa raketi ukatazama dari, kisha nikauchota kama mtu anayechota mchuzi kwa upawa. Kwa raba ile, ilifaa. Hata nilikuwa nashinda.

Kisha binamu yangu akarudi kutoka Dubai na zawadi: raketi mpya, ubao wenye tabaka za kaboni, raba nyekundu na nyeusi, na chini ya kila raba sponji nene kabisa. Jioni hiyohiyo nikaenda nayo ukumbini. Servisi ya kwanza niligusa tu, mpira ukaruka pembeni ukaenda zake hadi mlangoni. Nikauchota wa pili kwa upawa wangu, ukagonga feni. Watu walicheka wakakaa chini.

Ningesema nilijifunza somo, lakini nilichojifunza ni uoga. Kwa kuwa mpira ulikuwa unatoka nje kila nikiupiga, nikaanza kufupisha mkono. Wiki baada ya wiki kiwiko kikasogea, mpaka kikagandamana na mbavu. Sikuwa napiga tena, nilikuwa naweka raketi mbele ya mpira na kaboni inafanya kazi. Na kwa kuwa mipira mingi ilirudi mezani, niliamini nimepiga hatua.

Mzee mmoja tunayemwita Mwalimu alinitazama seti mbili bila kusema neno. Kisha akaniita. "Mwanangu, hii raketi inacheza yenyewe. Wewe kazi yako ni nini?"

Akachukua raketi yangu na yake, akaangusha mpira juu ya kila moja kutoka usawa wa kifua. Kwenye yangu ulitoa mlio mkali, mkavu, ukaruka juu kwa nguvu. Kwenye yake, mbao tupu tabaka tano na sponji ya milimita 1.8, mlio ulikuwa mzito na mpira ukachoka mapema. Akaniambia nishike mpini wa yake wakati mpira unadunda. Niliusikia mpira kiganjani. Kwenye yangu, mkono ulikuwa kama umekufa ganzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba raketi nayo inafundisha, utake usitake. Ya taratibu haikupi kasi ya bure, kwa hiyo ukitaka mpira uende lazima uzungushe kiuno, uachie mkono upite mpaka mbele ya uso. Ukipiga vibaya, mpira unaanguka wavuni na unajua kosa ni lako. Ya kasi inakuadhibu ukipiga vizuri kabla hujawa tayari, na inakutuza ukijikunyata. Mwili si mjinga, utafuata palipo na tuzo.

Kwa hiyo anayeanza, au aliyejikuta kiwiko chake kimeganda kama changu, nunua ubao wa mbao tupu na raba mbili za sponji ya 1.8 hivi. Usiogope neno "mbao tupu" kama ni la maskini. Kanuni zenyewe zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili, na tabaka moja ya kaboni haizidi milimita 0.35. Hako kakaratasi ndiko kalikonitia adabu mwaka mzima.

Kwenye raba, watu wengi hudanganyika na umaarufu. Zile za Kichina zinazonata, zenye sponji ngumu, wanazotumia mabingwa kwenye fohendi, yaani pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, hazitoi kitu mpaka uzipige kwa miguu na kiuno. Ukizipiga kwa mkono peke yake, mpira hauvuki wavu, na bega litaanza kukulalamikia usiku. Mimi nilizijaribu miezi miwili nikaziacha. Zenye sponji laini zinasamehe zaidi, ila laini mno nazo zinakurudisha kwenye uvivu.

Vipele virefu, yaani raba ambayo uso wake una vinundu virefu badala ya kuwa laini, ni habari nyingine. Rafiki yangu aliviweka upande wa bekihendi, ule wa nyuma ya mkono, akaanza kutushinda wote, kwa sababu mpira unarudi na mzunguko uleule ulioutuma mwenyewe, sasa umegeuka. Lakini mwaka wa pili alikuwa hawezi tena kupiga bekihendi ya kawaida hata akiazima raketi. Kama una miaka 50 na goti bovu, vitumie kwa amani. Kama una miaka 16, subiri.

Na sauti usiidharau. Mwaka 1952, mashindano ya dunia ya Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alishinda kwa raketi ya sponji nene isiyotoa mlio, na wapinzani waliozoea kusikia mpira wakapoteza mahesabu. Nikibadilisha raba mpaka leo, siku mbili za kwanza nachelewa kila mpira, kwa sababu sikio halijazoea.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine: unyevu. Masika raba hulowa bila kuonekana, mpira unateleza, ukaanza kuufunua uso wa raketi tena kama zamani bila kujijua. Beba kitambaa kikavu, ufute kila mnapobadilishana upande. Ukimaliza, osha raba kwa maji kidogo, kausha, funika. Na kidole kikianza kuteleza, badilisha hata kama inaonekana nzima.

Kukirudisha kiwiko changu mahali pake kulinichukua mwaka na nusu, kwa ubao wa mbao tupu ambao ninao hadi sasa. Nimebadilisha raba tu, upande wa fohendi nimepanda hadi 2.0. Ile ya kaboni ipo kabatini. Binamu akija huitoa nikacheza nayo, maana ni zawadi yake, na ikifika seti ya pili kiwiko kinaanza kurudi mbavuni.