Ile mistari ya rangi kwenye picha za moyo sio seli, ni mwendo wa maji

Mkuu uliyeuliza kama zile picha za MRI za moyo zenye mistari ya rangi ni seli za misuli zenyewe, na kama ndio, kwa nini watu bado wanakata vipande vya hadubini. Hapana, seli huzioni pale. Nimefanya kazi hii maabara miaka kadhaa, mioyo ya nguruwe zaidi, ngoja nieleze nilivyoielewa.

Kinachopimwa ni maji. Seli ya msuli wa moyo ni ndefu na nyembamba, urefu mikroni 100 na kitu, upana kama 20, sasa maji yanatembea kirahisi kufuata urefu wake kuliko kukatiza pembeni ambako yanagonga utando. Mashine inapima huo mwendo kwa pande 6 au zaidi, kompyuta inapiga hesabu ya tensa, yaani muhtasari wa maji yanasogea kiasi gani kila upande (mtafiti Basser na wenzake waliileta 1994), halafu ule upande maji yanakofika mbali zaidi ndio unahesabiwa kuwa seli zimelalia huko. Mistari inachorwa na programu, ikiunganisha kijisanduku na kijisanduku, yaani vile vipande vidogo ambavyo picha imegawanywa. Moyoni hakuna uzi mrefu namna hiyo, kuna seli zilizoshikana kwa matawi kama wavu, na kwa mtu aliye hai kijisanduku kimoja chenye milimita 2.5 kwa 2.5 kwa 8 kinabeba seli kama milioni moja hivi, yaani unaona wastani wa umati.

Moyo wangu wa kwanza niliutoa kwenye fomalini nikauweka kwenye skana moja kwa moja, picha ikajaa mashimo meusi, kumbe viputo vya hewa, na fomalini nayo inafifisha mawimbi. Nikaelekezwa kuuosha kwa maji ya chumvi na kuinyonya hewa yote, nikarudia, na aisee sitasahau: ukutani mwa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) seli za ndani zimepanda kama digrii 60, katikati zimelala, nje zimeshuka digrii 60 upande wa pili, zinageuka taratibu bila kuruka. Ndicho mtafiti Streeter alichopima kwa kukata kata mwaka 1969.

Baadaye nikaukata moyo uleule nikalinganisha. Sehemu kubwa zilikubaliana, ila pale ventrikali ya kulia inapoungana na kushoto seli za pande mbili zinakutana ndani ya kijisanduku kimoja, na wastani unatoa uelekeo ambao hakuna seli hata moja inao. Ndio maana hadubini haijatupwa.

Kwa mtu hai ni kazi zaidi, maji yanasogea mikroni 10 hivi wakati moyo wenyewe unasogea milimita nyingi, ukikosea muda wa pigo umepima mtikisiko tu. Lakini faida yake kubwa iko hapo hapo. Seli inafupika asilimia 15 tu hivi lakini ukuta unanenepa kuliko hivyo kwa mbali, kwa sababu seli zimepangwa kwenye vibamba vyembamba ambavyo moyo ukijikaza vinasimama, ukilegea vinalala. Wenye ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo kunenepa, vibamba vyao vinabaki vimesimama hata moyo ukiwa umelegea, na mpangilio huo ultrasaundi ya kawaida haikuonyeshi.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya namna hii uliza mambo mawili kwanza, kijisanduku kina ukubwa gani, na ilipigwa moyo ukiwa umejikaza au umelegea.