Jibu: Bunduki ya nusu otomatiki kwa anayenunua mara ya kwanza

Mkuu uliyeandika kutoka Urambo, umeuliza uchukue bunduki ipi ya nusu otomatiki (inayojipakia risasi yenyewe, lakini hufyatua moja kila unapovuta kifyatulio) ya kujifunzia shabaha. Kabla ya duka, nenda polisi wilayani. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu kumiliki bila leseni, kwa hiyo waulize kama nusu otomatiki inakubalika kwa sababu uliyonayo. Wakikataa, usilipe hata senti.

Wakikubali, mimi ningechukua ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22. Haigongi bega, unajifunza bila woga. Mfano ni Ruger 10/22, ambayo inatengenezwa Marekani tangu 1964, magazini yake inabeba risasi 10, na ni imara kweli.

Ukionyeshwa iliyotumika, toa magazini, vuta boliti (chuma kinachosukuma risasi ndani), chungulia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) uhakikishe ni tupu. Halafu mulika ndani ya mtutu: mifereji inayozungusha risasi ionekane wazi, pasiwe na vishimo vya kutu. Mdomo wa mtutu ukiwa na pengo, hata dogo, achana nayo. Risasi haitakwenda unakolenga, na bei rahisi haitakusaidia.

Kabati la chuma lenye kufuli lihesabu kwenye bajeti hiyo hiyo, hasa kama nyumbani kuna watoto.