Kabla ya kumwita mtu mvivu, tafuta bei anayolipa

Mtu akichelewa kikao kila wiki, maelezo yanayokuja haraka ni kwamba hana nidhamu. Huenda ni kweli. Ubaya wa maelezo hayo ni kwamba hayakuachii la kufanya: tabia ya mtu mzima haibadiliki kwa kuombwa, na huyo akiondoka, atakayechukua nafasi yake naye atachelewa vilevile. Anayefikiri kiuchumi huuliza jambo jingine kwanza: pale anapoamua, kuwahi kunamgharimu nini, na kuchelewa kunamgharimu nini?

Piga hesabu. Kikao cha watu 8 kimepangwa saa 3:00 asubuhi, lakini kwa kawaida huanza saa 3:15. Anayefika saa 3:00 anatoa dakika zake 15 bure. Anayefika saa 3:15 hatoi kitu. Watu 7 wakimsubiri mmoja kwa robo saa, zimepotea dakika 105, na hakuna hata moja iliyotoka kwa aliyechelewa. Wiki inayofuata mmoja wa waliowahi anaishika hesabu hiyo, kisha mwingine. Mwishowe saa 3:15 ndiyo inakuwa saa yenyewe ya kikao, na ukiitangaza rasmi, watu watafika saa 3:30. Hakuna aliyeharibika tabia hapo. Kila mmoja ameitikia bei iliyowekwa, na aliyeiweka ni mwenyekiti, siku ile ya kwanza aliposema “tuwasubiri kidogo wenzetu”.

Dawa yake inatokana na hesabu hiyohiyo. Anza saa iliyotajwa hata kama mko watatu. Weka mwanzoni jambo ambalo kila mtu angetaka awepo likiamuliwa, kama kugawa kazi au kupanga zamu. Aliyechelewa akiingia, usimsimulie yaliyopita; ukimsimulia umemrudishia kila alichokosa, na gharama za kusimulia wamezilipa waliowahi. Utaratibu huu hushindwa pale ambapo mchelewaji ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Hapo hakuna ajenda itakayokuokoa.

Njia hii inafaa kwa mambo mengi, mradi usiruke hatua. Kwanza mtaje anayeamua hasa, kwa sababu “ofisi” au “familia” haiamui. Mtu ndiye anayeamua. Kisha uliza anaacha nini akichagua hiki, kwa maana gharama ya kitu ni kile bora kuliko vyote ulivyoviacha ili ukipate, na mara nyingi hicho ni muda au usingizi kuliko pesa. Uliza nani analipa: yeye, au mwingine ambaye hayupo? Halafu tabiri. Sema mapema kwamba bei fulani ikipanda, atafanya hivi. Hatua hii ya mwisho ndiyo huachwa, na bila hiyo unabaki na porojo. “Alifanya hivyo kwa kuwa kulimfaa. Tumejuaje kulimfaa? Kwa kuwa alifanya.” Maelezo ya namna hiyo hayawezi kukosea, kwa hiyo hayafai kitu.

Wengi wakishaelewa habari ya bei, hukimbilia faini. Polepole hapo. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti uliofanyika Haifa, Israeli, katika vituo 10 vya kulelea watoto mchana. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, na mwalimu alilazimika kubaki. Kuanzia wiki ya 5, vituo 6 vilitoza shekeli 10 kwa kila mtoto aliyechelewa kuchukuliwa kwa zaidi ya dakika 10. Uchelewaji haukupungua; uliongezeka, hadi karibu maradufu. Wiki ya 17 faini ikaondolewa, na wazazi wakaendelea kuchelewa kwa kiwango kilekile kipya.

Kabla ya faini hiyo kulikuwa na bei nyingine isiyoandikwa popote: aibu ya kumkuta mwalimu kasimama na mtoto mlangoni. Faini ndogo iliigeuza aibu kuwa huduma ya kununuliwa, tena kwa bei nafuu. Kwa hiyo kabla hujatoza chochote, nyumbani au kazini, jiulize ni nini kinachowazuia leo wale wasiokosea. Kama ni heshima au kuoneana haya, basi faini yako ama iwe kubwa ya kuuma kweli, ama usiiweke kabisa. Ile ya katikati ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haya ikishauzwa hairudi kwa kufuta faini.

Zawadi nazo zina mtego wao. Mwaka 1902, watawala wa Kifaransa mjini Hanoi, Vietnam, walitaka panya wapungue, wakalipa watu kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaletwa kwa wingi, na mitaani wakaonekana panya wazima wasio na mikia, wameachwa wazaliane. Lipia kitu chenyewe unachokitaka, si alama yake. Ukimlipa mtoto kwa kurasa alizosoma, atachagua kitabu chenye herufi kubwa na picha nyingi. Kosa si lake.

Mahali ambapo mtazamo huu unasaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni katika kuacha kuwadharau watu wenye kipato kidogo. Tuseme pakiti kubwa ya sabuni ya kutosha siku 30 inauzwa 2,400, na ndogo ya siku moja inauzwa 100. Kwa mwezi, anayenunua ndogo hutoa 3,000. Msomi atasema hajui hesabu: anapoteza 600 kila mwezi. Lakini ili apate hiyo 2,400 kwa mkupuo, huenda akope, na mkopeshaji wa haraka akitoza asilimia 30 kwa mwezi, riba ni 720. Pakiti ndogo ndiyo rahisi. Hata asipokopa, pesa iliyofungwa ndani ya pakiti haiwezi kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Ukitaka kumsaidia, somo la bajeti halitafika mbali. Mkopo nafuu, au kununua kwa kuchangiana na majirani, kutabadilisha hesabu yenyewe.

Ajabu ni kwamba anayekosea hesabu waziwazi mara nyingi ni mwenye pesa. Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Wanachama waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila siku ya mazoezi. Kadi ya kuingia mara 10 ingewagharimu dola 10 kwa siku. Bei walizijua, walichokosea ni kujitabiri wenyewe. Siku ya kulipa, mtu humpangia mazoezi yule atakayekuwa mwezi ujao, ambaye humwona kama mchapakazi asiyechoka.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote cha kila mwezi, usijiulize utakitumia mara ngapi. Tazama ni mara ngapi ulitumia kitu cha aina hiyo miezi 3 iliyopita, zidisha kwa bei ya kulipia mara moja moja, kisha linganisha na ada ya miezi 3. Pesa uliyokwisha kutoa iache nje ya hesabu: hairudi uende usiende, na swali ni kama saa moja ya leo inafaa kwenda huko. Katika utafiti huohuo, waliolipa kwa mwezi waliacha ipite zaidi ya miezi 2 kamili kati ya siku ya mwisho waliyofika na siku waliyojitoa, huku ada ikiendelea kukatwa. Kujitoa ni kazi ya leo na faida yake ni ya kesho, ndiyo maana huahirishwa. Siku ileile unapojiunga, weka kwenye simu ukumbusho wa kujitoa, siku 5 kabla ya ada ya mwezi wa tatu. Ukiwa bado unahudhuria, unaufuta tu.