Umeme Ukirudi, Kompyuta Huiwahi Ruta

"Fundi, mashine imegoma tena." Simu hiyo niliipokea karibu kila umeme ulipokatika na kurudi Gerezani, Kariakoo, kwenye duka la vipuri nilikofunga programu ya mauzo kwenye kompyuta ya Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux. Nikiwaambia waizime na kuiwasha upya, inakubali. Nami nikaridhika, miezi ikapita.

Siku moja nilikwenda, nikazima swichi kuu na kuiwasha, nikatazama. Kompyuta iliwaka ikawa tayari huku ruta ya laini ya simu ikipepesa taa nyekundu. Programu ikaitafuta seva, ikaikosa, ikajifunga. Baadaye taa ikawa ya kijani, lakini programu ilishakufa. Mteja yuko kaunta, beringi mkononi, risiti haitoki.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye faili la systemd, yaani msimamizi anayewasha programu kompyuta inapoanza, niliandika After=network.target (anza baada ya mtandao), nikidhani maana yake mtandao upo. Sivyo: inamaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imeshaanza. Ukitaka mashine isubiri hadi ipate anwani, andika After=network-online.target pamoja na Wants=network-online.target. Usiache hata moja.

Lakini hiyo peke yake haitoshi, na hapa wengi hukwama. Ruta huweza kuipa kompyuta anwani ya IP kabla yenyewe haijashika intaneti. Kompyuta inajiona iko mtandaoni, seva haifikiki. Kwa hiyo iache programu ijaribu tena na tena: Restart=always na RestartSec=10, yaani kila ikifa iwashwe upya baada ya sekunde 10. Tafadhali usiisahau RestartSec. Bila hiyo systemd huirudia baada ya milisekunde 100 tu, na ikishaiwasha mara 5 ndani ya sekunde 10, haiiwashi tena. Muda huo ruta hata haijamaliza kuwaka.

Kama kuna folda za mtandaoni kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganishwa wakati wa kuwaka, ziwekee _netdev (zinahitaji mtandao) na nofail (zikikosekana, endelea) ili kompyuta isikwame kuwaka kwa ajili yake. Na ukiona kuwaka kunachukua dakika 2, ichunguze systemd-networkd-wait-online, huduma inayosubiri mtandao uwe tayari. Kwa kawaida husubiri hadi sekunde 120, pengine kwa ajili ya tundu la mtandao lisilochomekwa waya. Ukiiongezea --any, itatosheka na njia moja iliyo hai.

Kabla hujaondoka kwa mteja, zima umeme wa duka zima kisha uwashe vyote kwa mpigo. Kuwasha upya kompyuta peke yake hakupimi kitu, maana ruta tayari iko hewani. Ndivyo nilivyodanganyika miezi yote ile.